Itifaki Haijazingatiwa

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Naona mmeitikia pande zote mbili, basi niko nyumbani.

Mshereheshaji ametutambulisha vizuri: maaskofu, wachungaji, mapadri, masista. Akamalizia kama tunavyomalizia sote hapa Mbeya: "Na wengine wote, itifaki imezingatiwa." Mimi nilikuwa nimeketi nyuma, kando ya baba mmoja aliyevaa gambuti zenye udongo wa Tukuyu. Ni katekista. Jana amezika. "Wengine wote" ndiye yeye.

Kigangoni kwake, yaani kanisa dogo la kijijini chini ya parokia, misa ni mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali. Jumapili zilizobaki ibada anaongoza yeye, na mgonjwa akizidiwa usiku, hodi hupigwa mlangoni kwake. Amenionyesha daftari lake lililovalishwa gazeti, kurasa zimetuna kwa unyevu. Humo mna watoto wa mafundisho, waliobatizwa katika hatari ya kufa, marehemu, na wanaoishi bila kufunga ndoa. Hao wa mwisho huwaandika kwa penseli, maana mambo hubadilika.

Kwa Walutheri na Wamoravian, mwinjilisti ndiye huyohuyo.

Wala si jambo jipya. Wamisionari wa Moravian na wa Misheni ya Berlin walifika Unyakyusa, huko Tukuyu, mwaka 1891. Vita Kuu ilipotufikia mwaka 1916, wamisionari hao Wajerumani wakaondolewa. Waumini walibaki na nani? Na walimu wa vijijini na wazee wa kanisa.

Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliweka rasmi huduma ya katekista, akaonya pia wasigeuzwe kuwa kama makleri. Hapo namuunga mkono kabisa. Sisi tukisikia "tumtambue" tunawaza kanzu, au tunampeleka chuo arudi mchungaji. Mwinjilisti si nusu mchungaji! Anawajua watu wake kwa sababu analima nao na watoto wake wanasoma na wa kwao.

Mpeni barua ya kazi. Mwandikisheni NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kikao kikijadili kigango chake, awemo na asikilizwe. Debe la mahindi wakati wa mavuno ni upendo, ila uzeeni halinunui dawa. Mtaniambia hakuna fungu. La kukodi haya maturubai lilipatikana.

Sasa kabla ya chai, namwomba mshereheshaji arudie utambulisho. Aanzie nyuma.