Kimberley: Wapiga Kura Hewa Waliohalalishwa na Sheria

ZUHURA: Karibuni tena. Leo twenda kaskazini mwa Australia Magharibi, kwa sababu Kibwana ameshikilia lazima twende.

KIBWANA: Nimeshikilia kweli. Dada, chukua ramani ya Kenya, kata robo yake uitupe. Kinachobaki ndio ukubwa wa Kimberley, kilomita za mraba kama 420,000. Eneo bunge moja hilo, mbunge mmoja.

ZUHURA: Mbunge wa bunge la taifa, kule Canberra?

KIBWANA: Hapana, wa bunge la jimbo, kule Perth. Jimbo lilipopata serikali yake mwaka 1890 kulikuwa na viti viwili, Kimberley Mashariki na Kimberley Magharibi. Dhahabu ilishaonekana Halls Creek mwaka 1885, watu wakamiminika, ikaisha mapema. Mwaka 1904 viti vikaunganishwa kuwa kimoja.

ZUHURA: Na wapiga kura walikuwa kina nani?

KIBWANA: Wafuga ng'ombe, wachimbaji waliobaki, matajiri wa lulu wa Broome. Waliopiga mbizi wenyewe walikuwa Wajapani, Wafilipino, Wamalaya. Hao kura haikuwa yao. Sheria ya uchaguzi ya 1907 iliwaweka kapu moja wenyeji wa asili wa Australia, Asia na Afrika: hakuna kuandikishwa.

ZUHURA: Afrika pia? Kwa hiyo mimi nawe tungerudishwa mlangoni.

KIBWANA: Bila hata kuulizwa jina. Waaborijini, yaani hao wenyeji wa asili wa Australia, ambao mpaka leo ni karibu nusu ya watu wa Kimberley, waliruhusiwa kujiandikisha mwaka 1962. Lakini kuruhusiwa ni jambo moja, kupiga kura ni jambo lingine. Hapo ndipo tunafika 1977.

ZUHURA: Haya, tuelezee taratibu.

KIBWANA: Alan Ridge wa chama cha Liberal anatetea kiti. Mpinzani wake ni Ernie Bridge wa Labor, Muaborijini mzaliwa wa Halls Creek, mtu wa ng'ombe na mwimbaji wa nyimbo za kantri. Siku ya kura, mawakili wametoka Perth wamekaa vituoni kama mawakala wa Liberal. Mzee anaingia, hajui kusoma, anahitaji kusaidiwa. Ana karatasi ya Labor inayoonyesha mpangilio wa wagombea, maana kule unawapanga kwa namba, moja, mbili, tatu. Anamwonyesha afisa: nataka hivi. Anaambiwa haitoshi, sema kwa mdomo. Wakala naye anaingilia kwa maswali.

ZUHURA: Mzee ashachoka na jua la nje, sasa anafanyiwa mtihani.

KIBWANA: Wengine wakaondoka bila kupiga. Ridge akashinda, na tofauti haikufika kura mia.

ZUHURA: Wakaenda mahakamani.

KIBWANA: Wakaenda, na mahakama ya mizozo ya uchaguzi ikafuta matokeo. Uchaguzi mdogo ukaitishwa mwaka huohuo... na Ridge akashinda tena.

ZUHURA: Lo!

KIBWANA: Bridge akasubiri. Mwaka 1980 akakichukua kiti, akawa Muaborijini wa kwanza katika bunge la Australia Magharibi. Mwaka 1986 akawa waziri, wa kwanza wa asili yake Australia nzima. Alikaa na kiti mpaka 2001, japo mwaka 1996 alikihama chama akawa mbunge huru.

ZUHURA: Na baada yake?

KIBWANA: Carol Martin, mwanamke wa kwanza Muaborijini kuchaguliwa katika bunge la jimbo lolote Australia. Kisha Josie Farrer, aliyepeleka mswada wake binafsi mpaka katiba ya jimbo ikawatambua Waaborijini kuwa watu wa kwanza wa nchi ile. Hiyo ni 2015. Mwaka 2021 akaingia Divina D'Anna. Kiti kile hakijakaliwa na asiye Muaborijini tangu 1980.

ZUHURA: Sasa niambie hili la wapiga kura hewa. Kwetu neno hilo lakupeleka polisi.

KIBWANA: Kule ni hesabu rasmi! Tangu mageuzi ya 2005, kila kiti kinatakiwa kiwe na wapiga kura takriban sawa. Lakini eneo likizidi kilomita za mraba 100,000, linaongezewa wapiga kura wa kubuni, asilimia moja na nusu ya idadi ya kilomita zake za mraba. Piga hesabu ya Kimberley.

ZUHURA: Kama... 6,300.

KIBWANA: Kama 6,300, na wote ni mchanga na majabali.

ZUHURA: Sioni ubaya. Bila hivyo wangeunganishwa na jirani, mbunge afe barabarani.

KIBWANA: Sipingi. Linaloniuma ni kwamba ardhi imehesabiwa bila mtihani wowote, na yule mzee wa 1977 akafukuzwa. Tena mpaka leo waliojitokeza Kimberley huwa wachache kuliko karibu kwingine kote, ingawa kupiga kura ni lazima kisheria. Uchaguzi umepangiwa Jumamosi ya pili ya Machi, wakati wa masika yao. Januari 2023 mto Fitzroy ulilivunja daraja la Fitzroy Crossing. Timu za kura husafiri kwa ndege ndogo na magari kabla ya siku yenyewe, na mvua ikikataa, imekataa.

ZUHURA: Wasogeze tarehe basi!

KIBWANA: Perth Machi ni jua tupu, dada. Nani atawasikia?

ZUHURA: Wasikilizaji wa Marsabit na Turkana, tuandikieni masanduku huwafikiaje wakati wa mvua. Tutawasoma wiki ijayo.