Waliopewa Nchi Waitawale Kwenye Kompyuta

Mwajuma: Haya karibuni tena, mimi Mwajuma, niko na kaka Rama hapa, ananiambia eti kuna Wajerumani walitengeneza nchi ya Afrika Mashariki ndani ya kompyuta, hebu anza maana sijaelewa kitu.

Rama: Miaka ya 1970 hiyo, mwanasaikolojia Dietrich Dörner na wenzake. Nchi wakaiita Tanaland, haipo kokote, ila ina wakulima, wafugaji, mbung'o, kila kitu. Af wakachukua watu 12, kila mmoja anaambiwa wewe ndo mtawala, hamna wa kukupinga, una miaka 10, fanya watu waishi vizuri.

Mwajuma: Bila bunge?

Rama: Bila bunge! Na walianza vizuri tu, wakachimba visima, wakapambana na mbung'o, wakaleta matibabu, mifugo ikaongezeka balaa na watu nao hivyohivyo, baadaye malisho yakaisha, maji ya ardhini yakapungua, njaa hiyo. Kuna kuwinda panya na nyani pia, si wanamaliza mazao, kumbe hao ndo walikuwa wanakula wadudu na chui nao anawategemea wao, basi wadudu wakajaa shambani, chui akahamia kwa ng'ombe.

Mwajuma: Jamani wafugaji! Ila si elimu tu hapo? Wangeweka bwana mifugo.

Rama: Nami nilidhani hivyo, mpaka nikakuta jaribio lao lingine, dogo kabisa. Chumba cha baridi cha supamaketi, mtambo wa kurekebisha baridi umekufa, unazungusha kidude kwa mkono joto likae panapotakiwa. Kitu kimoja tu! Ila matokeo yanachelewa, sasa mtu anazungusha, haoni kitu, anaongeza, anaongeza tena, mara baridi imepitiliza, anarudisha kwa hasira, joto nalo linapaa. Wengine wakaanza kuamini ukiweka kidude kwenye namba witiri ndo inakubali.

Mwajuma: (anacheka) Uganga kabisa! Kwa hiyo dawa ni kungoja? Mi nakukatalia, umeme je, ukingoja si giza?

Rama: Umeme kweli ni sekunde. Gridi, yaani mtandao mzima wa umeme, inatakiwa ikae hezi 50, yaani umeme upige mizunguko 50 kwa sekunde, matumizi yakizidi uzalishaji hiyo namba inashuka hapohapo. Uingereza Julai 1990, nusu fainali ya Kombe la Dunia, penalti zimeisha, nchi nzima ikainuka kuchemsha chai, matumizi yakaruka kama megawati 2,800.

Mwajuma: Wee! Wanafanyaje sasa?

Rama: Wanajipanga mapema, ratiba ya tivii wanaifuatilia, na kule Wales wana mitambo ya umeme wa maji ya Dinorwig, ikiwa imeshawekwa tayari inafika megawati 1,320 kwa sekunde kama 12. Wanajua kila mtambo unaitika baada ya muda gani.

Mwajuma: Ambacho yule wa chumba cha baridi hakukitafuta.

Rama: Eeh. Walioweza kwenye majaribio ya Dörner walikuwa wanauliza sana "kwa nini", na wanarudi kuangalia uamuzi wao umeleta nini. Wengine wakishaagiza kisima wanahesabu maji yapo, wanaenda jambo lingine.

Mwajuma: Hao siyo wa kompyuta tu, kaka.