Skrubu Ikilegea, Mkono Usiwe Mzito

NEEMA: Karibuni tena. Tunarekodi tukiwa Mwanga, Kigoma mjini, kwa hiyo honi ya bodaboda ikiingia humu ndani mtuvumilie. Mimi ni Neema, na niko na kaka Shabani, fundi mitambo wa sauti. Harusini yumo, kwaya yumo, studio yumo.

SHABANI: Kote nimo, kasoro kwenye daftari la kulipwa kwa wakati.

NEEMA: (anacheka) Haya. Leo tuna ujumbe wa msikilizaji wa Ujiji, kijana anayetengeneza biti. Ana hedifoni ya bei kubwa. Besi ikipiga tu, upande wa kushoto unalia zzz. Kaipeleka kwa fundi simu, kaambiwa spika imekufa, anunue nyingine.

SHABANI: Huyo fundi aliifungua?

NEEMA: Anasema aliishika tu, akaisikiliza.

SHABANI: Basi amepiga ramli. Yaweza kuwa spika, sikatai, lakini kuna washukiwa wawili wa bei rahisi wa kuhojiwa kwanza. Skrubu iliyolegea, na unywele.

NEEMA: Unywele?

SHABANI: Unywele mmoja tu ukipita kwenye wavu ukagusa ule utando wa spika, mlio wake utadhani karatasi imepasuka. Hasa kwa ninyi mnaotoka kinyozi na hedifoni shingoni. Sasa afanye hivi. Atafute kwenye simu programu ya kutoa toni, aanze hezi 20, apandishe polepole hadi 200, sauti iwe ya chini. Ule mlio ukitokea, asimame hapohapo kwenye toni hiyo. Kisha abonyeze kwa kidole sehemu mojamoja: bawaba, ule mkono unaoshika kikombe cha sikio, halafu wavu wa nje. Akigusa mahali mlio ukakata, mwizi ndiye huyo.

NEEMA: Na kama hailii ila imelegea tu, inacheza? Si unaweza kuiacha?

SHABANI: Hapana, dada. Bawaba ikilegea kikombe hakikai sawa sikioni, hewa inavuja pembeni, na besi inaondoka nayo. Mtu anadhani hedifoni imezeeka, anaongeza besi kwenye mashine, biti yake inatoka na besi ya kubomoa nyumba. Kumbe skrubu moja.

NEEMA: Sawa, kamjua mwizi. Anachukua bisibisi ya nyota...

SHABANI: Ipi? Hapo ndipo watu wanapoharibu. Ile ya kufungulia redio ni kubwa, itakaa juujuu na kula kichwa. Ile ya pembe tano ya iPhone haihusiani kabisa. Anataka nyota ndogo, namba 0 au 00, ijae kwenye tundu bila kucheza. Na kuna nyota mbili zinazofanana kama mapacha. Moja ni Phillips, ya yule Mmarekani Henry Phillips aliyepata hataza zake mwaka 1936. Ukiikaza sana bisibisi yake hupanda yenyewe na kutoka. Nyingine ni ya kipimo cha Wajapani, JIS, na baadhi ya skrubu zake zina kinukta kidogo pembeni ya kichwa. Ukiingiza Phillips kwenye JIS, unakichuna kichwa.

NEEMA: Kikishachunwa?

SHABANI: Weka kipande cha mpira, raba bendi, kati ya bisibisi na kichwa, sukuma chini kwa nguvu, zungusha taratibu. Mara nyingi inashika. Ila kabla ya yote aangalie kama kweli hedifoni yake inahitaji bisibisi. Sennheiser HD 600, iliyotoka 1997, sehemu zake nyingi zinachomoka kwa mkono. Mtu anatafuta skrubu mahali hakuna, anaishia kupasua plastiki.

NEEMA: Haya, skrubu ipo, kaikaza. Kesho imelegea tena. Hapo si anapaka gundi?

SHABANI: Taratibu! Kwanza aitoe aiangalie nyuzi zake. Nyuzi zilizobanana, nyembamba, hiyo imeingia kwenye chuma. Nyuzi pana, zimeachana, ncha kali kidogo, hiyo imejitoboa njia kwenye plastiki. Ukijua hilo umejua nusu ya kazi, maana dawa ya chuma ni sumu ya plastiki.

NEEMA: Anza na chuma.

SHABANI: Kuna gundi ya kufungia nati, watu wa pikipiki wanaijua. Kwa chapa ya Loctite, namba 222 ni ya zambarau, ndiyo ya skrubu ndogo. 243 ni ya bluu, ina nguvu zaidi. Nyekundu, kama 271, asiiguse, hiyo mpaka uichome moto ndiyo iachie, na hedifoni haichomwi moto. Tone dogo la zambarau kwenye ncha ya kijiti cha meno, gusa nyuzi, kaza, acha hadi kesho yake.

NEEMA: Mbona haigandi chupani?

SHABANI: Inaganda ikikosa hewa na ikigusa chuma. Ndiyo maana chupa haijazwi pomoni, inaachiwa hewa ndani.

NEEMA: Na grisi je? Mbona injini za ile meli yetu ya Liemba Wajerumani walizipaka grisi kabla ya kuizamisha 1916, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi ziwani?

SHABANI: Wale walitaka zije zifunguke! Wewe unataka isifunguke. Grisi kwenye bawaba ya hedifoni ni kuomba ilegee upya.

NEEMA: (anacheka) Nimekoma. Plastiki sasa.

SHABANI: Plastiki, gundi ile marufuku. Inazipasua plastiki kama ABS na polikaboneti, na hazipasuki siku hiyo. Unaona nyufa ndogondogo baadaye. Supa glu nayo hapana. Moshi wake unaacha ukungu mweupe, na utando wa spika uko hapo karibu. Anachofanya ni hiki: aiweke skrubu tunduni, aizungushe kwanza kushoto, kinyume, polepole, mpaka ahisi imedondoka kidogo, tik. Hapo imeingia kwenye njia yake ya zamani. Ndipo aanze kukaza kulia. Ukianza tu kulia unachonga njia mpya, na tundu la plastiki halivumilii njia mbili.

NEEMA: Kwa nguvu kiasi gani?

SHABANI: Ncha za vidole viwili. Kiganja kisishike mpini kabisa. Ikisimama, umemaliza.

NEEMA: Na tundu likiwa limeshakufa, skrubu inazunguka tu?

SHABANI: Chuna waya wa spika, toa uzi mmoja wa shaba, ule mwembamba kabisa. Uingize tunduni, ukate uliobaki nje, halafu rudisha skrubu. Inashika bila gundi yoyote.

NEEMA: Si angenunua tu skrubu ndefu zaidi?

SHABANI: Ndefu inatokea upande wa pili, au inakata waya wa ndani. Hapo spika itakufa kweli, na fundi simu ataonekana nabii.

NEEMA: Kuna wenye zile hedifoni nzito za planar, zenye utando bapa mpana, kama Audeze LCD. Ni vilevile?

SHABANI: Kukaza ni vilevile, ila sumaku zake ni kali. Bisibisi ya chuma inarukia yenyewe, na utando wake ni mwembamba kuliko unywele tuliousema. Kabla hajatoa wavu, afunike spika kwa kipande cha katoni. Sumaku hizo hudaka hata unga wa chuma, kwa hiyo asifanyie kazi kwenye meza waliyosagia vyuma. Na kama waranti bado hai, asifungue kitu, airudishe dukani.

NEEMA: Skrubu ikiwa imepotea kabisa?

SHABANI: Atoe ile ya upande wa kulia, aende nayo kwa fundi redio pale sokoni. Kila fundi ana mkebe wa skrubu za mabaki. Alinganishe unene, urefu, na upana wa nyuzi, vyote vitatu. Mbili zikifanana na ya tatu ikakataa, airudishe mkebeni.

NEEMA: Swali jingine linatoka Kasulu, maikrofoni ya kwaya inapiga mluzi...

SHABANI: Spika wameziweka nyuma ya waimbaji. Sina haja hata ya kuisikia.

NEEMA: Kipindi kijacho hicho, kaka.