Udongo kwa Njia ya Posta: Elizabeth Hazen na Dawa ya Utando

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Kaka Juma, leo nimekuja na kichupa.

JUMA: Nakiona, dada. Si ile dawa ya njano ya watoto?

ZUHURA: Ndiyo yenyewe, nistatini. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na wiki tatu aliota utando mweupe ulimini na ndani ya mashavu. Bibi yake akasema ni maziwa yameganda. Tunafuta kwa kitambaa laini, hautoki. Mtoto analia, ziwa halitaki. Nesi wa kliniki alimulika tochi mara moja tu, akasema, “Hii fangasi, mama.” Tukapewa matone haya, na baada ya siku chache mtoto ananyonya kama kawaida. Sikuwahi kujiuliza imetoka wapi.

JUMA: Imetoka kwa wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown. Brown alikuwa mkemia. Hazen ndiye mtaalamu wa fangasi, na leo nataka tukae zaidi na yeye.

ZUHURA: Maisha yake yamenigusa sana. Amezaliwa 1885 Mississippi, kwenye nchi ya pamba. Hata miaka minne hajatimiza, baba na mama wote wameshafariki. Akalelewa na ami yake na mkewe. Akasoma chuo cha wasichana hukohuko jimboni, akamaliza 1910, akawa mwalimu wa sayansi. Kisha akaenda New York, Chuo Kikuu cha Columbia. Shahada ya uzamivu anaipata 1927, umri umeshapita miaka 40.

JUMA: Na kazi iliyompa jina ilitangazwa 1950, ana miaka 65. Umri ambao wengi wameshaagwa kazini na keki.

ZUHURA: Hebu waeleze wasikilizaji, kwa nini fangasi wakati ule?

JUMA: Penisilini na ndugu zake zilikuwa zimeingia, watu wanapona maradhi ya bakteria. Lakini mdomoni na tumboni mwetu bakteria na fangasi wanaishi pamoja, wanabanana. Ukiwaua bakteria, fangasi wanapata nafasi na kutanda. Mgonjwa anapona kifua, anaanza kuugua utando kooni. Na dawa ya kuua fangasi bila kumdhuru mgonjwa ilikuwa adimu mno. Hazen alikuwa kwenye maabara ya idara ya afya ya jimbo, New York mjini. Akapewa kazi ya fangasi, akarudi Columbia kujifunza upya kuwatambua, mmoja mmoja, chini ya hadubini.

ZUHURA: Akaanza kutafuta dawa kwenye udongo.

JUMA: Udongo, dada! Umo bakteria aitwaye Streptomyces. Ile harufu nzuri mvua ikigusa ardhi kavu, sehemu yake kubwa inatoka kwa viumbe wa aina hiyo. Wanatengeneza kemikali nyingi, na baadhi zinaua jirani zao. Hazen akawa anaotesha vijidudu kutoka kwenye sampuli za udongo, anavijaribu kwa fangasi wawili: yule wa utando na mwingine anayeshambulia ubongo. Akiona fangasi wamekufa, anatia vijidudu vile kwenye chupa ya kioo, zile za kuhifadhia matunda jikoni, anaipeleka posta.

ZUHURA: Kwenda Albany, kwa Brown. Kama kilomita 240 hivi.

JUMA: Brown anachuja, anatenga kemikali inayofanya kazi, anairudisha kwa posta ileile. Hazen anaijaribu tena, safari hii kwa wanyama pia. Mara nyingi inaua fangasi, lakini na mnyama naye anadhurika. Basi wanaanza upya na udongo mwingine. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia karani wa posta. Chupa moja ikivunjika njiani, kazi ya wiki nzima imekwenda.

ZUHURA: Udongo uliojibu ni ule wa 1948, kutoka shamba la ng’ombe la marafiki wa Hazen huko Virginia. Familia hiyo iliitwa Nourse, na yule bakteria akaitwa Streptomyces noursei. Dawa nayo wakaipa jina la jimbo lao la New York. Soma hapa kwenye lebo: N na Y za New York, kisha S-T-A-T ya “state”, neno lao la jimbo.

JUMA: Aisee! Miaka yote naisoma lebo hii.

ZUHURA: Inavyofanya kazi pia inapendeza. Inashika mafuta fulani yaliyo kwenye ngozi ya chembe ya fangasi, inaitoboa, vilivyomo vinavuja. Na kwa kuwa haiingii kwenye damu kirahisi, inabaki palepale mdomoni au tumboni. Ndiyo maana mtoto unamdondoshea mashavuni, huku na huku, ikae kidogo kabla ya kumezwa.

JUMA: Hata michoro imetibiwa nayo. Mafuriko ya Florence, Italia, 1966, yaliacha kazi za sanaa zikiota ukungu, wakatumia nistatini kuzisafisha.

ZUHURA: Halafu kuna fedha. Mrabaha, yaani malipo ya wagunduzi kutokana na mauzo ya dawa, ulipita dola milioni 13, na Hazen na Brown wote wawili hawakuchukua hata senti. Zilikwenda kwenye utafiti, nusu kupitia mfuko wenye majina yao, na fangasi wakapata fungu lao.

JUMA: Brown mwenyewe alisomeshwa chuo na rafiki wa familia aliyemlipia ada.

ZUHURA: Na Hazen ni yatima aliyelelewa nyumbani kwa ami. Alistaafu 1960, kisha akaenda Columbia kama mtafiti mgeni, akaendelea na fangasi wake mpaka miaka ya 1970. Alifariki 1975, Seattle, alikokwenda kuwa karibu na dada yake mgonjwa. Walilelewa pamoja, wale wawili, tangu wazazi walipofariki.