Bega Linalobeba Mkono Mtupu

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja anyooshe mkono wa kulia mbele, kama anayempa mkono mtu aliye mbali kidogo. Usishike kitu. Uache hapohapo, mimi niendelee.

Mtu akiumwa bega hutafuta tukio: nilibeba nini, nililalaje, nilianguka lini? Akikosa jibu, anasingizia baridi au umri. Ni nadra ajiulize kipanya cha kompyuta yake kinakaa wapi mezani.

Hakuna kiungo mwilini kinachozunguka kwa uhuru kama bega, na uhuru huo tunaulipia. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kijishimo chenye kina kidogo, mithili ya mpira juu ya kisahani, na kazi kubwa ya kukishikilia pale ni ya misuli minne midogo na kano zake. Mkono ukiwa mbele, hiyo minne haipumziki, wala ule mkubwa unaoteremka kutoka shingoni. Inakaza kidogo tu, lakini muda wote. Msuli unaokaza na kulegea hujisaidia kusukuma damu. Uliokaza bila kulegea hujibana wenyewe.

Haya, nani bado ameunyoosha? Naona wengine mmeanza kuushikilia kwa mkono wa pili! Na hamkubeba kitu. Teremsheni.

Basi hivyo ndivyo anavyofanya mwenye kipanya kilicho mbali, ila yeye hufanya kutwa nzima. Mara nyingi kosa linaanzia kwenye kibodi. Zile pana zina kisehemu cha tarakimu upande wa kulia, na kisehemu hicho ndicho kinachokifukuza kipanya. Kaa, acha kiwiko kining'inie karibu na ubavu, kisha kunja mkono. Pale kiganja kinapotua ndipo pa kipanya. Kibodi nayo isogeze mpaka herufi G na H zielekee kitovu chako. Kama huingizi hesabu kila siku, nunua kibodi fupi isiyo na tarakimu pembeni. Kwangu mimi ina faida kuliko kiti cha bei mbaya.

Meza ikiwa juu, mabega hupanda kuelekea masikioni na mwenyewe hana habari. Pandisha kiti, na miguu ikining'inia weka kitu cha kuikanyagia. Mikono ya kiti ikigonga meza na kukuzuia kusogea karibu, ing'oe.

Kompyuta mpakato ni kesi ngumu, maana skrini na kibodi vimeungana: ukiliridhisha jicho unaliudhi bega. Iinue juu ya vitabu, utumie kibodi na kipanya vya pembeni. Na simu msiibane kati ya sikio na bega. Mimi nilifanya hivyo kwa miaka, nikijiona mchapakazi, mpaka shingo ikakataa kugeuka upande mmoja.

Mtaniuliza mkao sahihi ni upi. Sijawahi kuuona ambao ukikaa nao kwa muda wa saa 3 hauumizi. Inuka kila nusu saa, hata kwa dakika moja, uzungushe mabega nyuma. Dawa yangu ni kikombe kidogo cha maji: kikiisha, lazima niende kukijaza.

Ila bega likikuamsha usiku, mkono ukikosa nguvu au ganzi ikishuka vidoleni, usiishie kusogeza kipanya, muone daktari. Na likiuma huku kifua kinabana, jasho linatoka na pumzi inakatika, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Maswali sasa. Naona mama pale nyuma ameinua mkono wa kushoto. Wa kulia nadhani nimeuchosha. Karibu, mama.