Kodi ya Ukumbi: Siasa za Mji Mdogo Ndani ya Kichekesho cha Runinga

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Nitajitahidi, ingawa wanaonijua washaanza kucheka.

Tuanzie uwanja wa ndege. Kijana yuko kwenye foleni, simu sikioni, anamweleza mama yake kwa nini ameuacha uwakili Toronto na kwenda kuwa imamu mashambani. Baba amekasirika. Kijana anasema si kwamba amemdondoshea mzee bomu. Mzee akiona huku ni kujiua, basi, haya ndiyo Mungu aliyompangia. Bomu, kujiua, Mungu! Bibi aliye nyuma yake ametoa macho, na askari hao wameshafika. Wakati wa kuhojiwa, kijana anatania kwamba wakiona anadanganya wampeleke Syria. Askari anamjibu kwamba nchi ya kupelekwa hachagui yeye.

Huo ni mwanzo wa Little Mosque on the Prairie, kichekesho cha Kanada kilichoanza CBC, shirika la utangazaji la taifa, Januari 2007. Usiku wa kwanza kilitazamwa na watu zaidi ya milioni 2. Mtazamaji wa Kanada alijua utani wa Syria unatoka wapi. Maher Arar, raia wa Kanada, alikamatwa New York mwaka 2002 akapelekwa Syria, na huko akateswa. Mwezi uleule kichekesho kilipoanza, serikali ya Kanada ilimwomba radhi na kumlipa fidia ya dola milioni 10.5. Kwa hiyo watu walikuwa wakichekea kidonda kibichi.

Lakini mimi kilichonivuta zaidi ni kodi ya pango.

Mji unaitwa Mercy, mji wa kubuni katika jimbo la Saskatchewan. Yasir, mkandarasi, amekodi ukumbi wa kanisa la Anglikana akidai ni ofisi ya kazi zake, kumbe watu wanaswalia humo. Siri inafichuka, mji unachafuka. Mchungaji Magee angeweza kuwafukuza, ila waumini wake wamepungua na kanisa linahitaji fedha. Hapo ndipo ujirani unapoanzia, kwenye risiti. Mtangazaji wa redio, Fred Tupper, kila siku anawatisha wasikilizaji kuhusu Waislamu, na chakula anakula kwenye mgahawa wa Fatima, Mwislamu mwenye asili ya Nigeria. Meya naye anapima kila jambo kwa kura, na msaidizi wake ni Sarah, mke wa Yasir, mzungu aliyesilimu. Katika mji mkubwa watu hawa wangepishana tu barabarani. Mercy haina pa kupishania.

Kasoro ninayoiona ni Fred. Chuki yake imefugwa, inabweka haiumi. Ukimtazama yeye peke yake utadhani ubaguzi ni ukorofi wa mzee mmoja mwenye kipaza sauti.

Ukali wenyewe umeelekezwa ndani. Mwandishi, Zarqa Nawaz, anaishi Regina, mji mkuu wa jimbo hilohilo, na mwaka 2005 alikuwa ametengeneza filamu ya hali halisi kuhusu nafasi ya wanawake misikitini. Hasira ile ameileta hapa. Baber, profesa wa uchumi na mlinzi wa kila kilicho cha zamani, anataka kizuizi kati ya wanaume na wanawake. Rayyan, daktari mwenye hijabu, hataki hata kusikia. Imamu kijana amekwama katikati, na wanawake wenyewe hawana kauli moja. Ugomvi huo hauhitaji tafsiri hapa kwetu; nani kati yenu hajausikia baada ya swala?

Basi tuzime taa, nimekuja na kipindi hicho cha kizuizi. Akina mama mlioketi kule nyuma, mnaona vizuri?