Nilikuwa Askari wa Sukari Nyumbani Kwangu

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana wenzangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu kumsaidia mwenza aliyepimwa akakutwa na ugonjwa wa kudumu. Mimi si daktari. Ni fundi seremala hapahapa Tanga, na mke wangu ana kisukari cha aina ya pili, huu mwaka wa 6. Alikwenda hospitali kwa sababu ya kiu isiyokatika na kuamka usiku kwenda haja ndogo. Wakampima sukari ya damu kabla hajala, ikasoma milimoli 14 kwa lita. Wenzangu mnaohudhuria kliniki mnajua: asubuhi hujala kitu, ikifika 7 au zaidi, na ikirudiwa siku nyingine ikasema hivyohivyo, hicho ni kisukari.

Tulirudi kwa daladala, hatukusemezana. Nikadhani amechoka tu. Baadaye sana ndipo aliponiambia kwamba njia nzima alikuwa anawahesabu watu wa ukoo wao waliokatwa miguu.

Mimi nikaanza kazi ya uaskari. Kopo la sukari nikalipandisha juu ya kabati. Nikiingia nyumbani swali la kwanza ni "umekula nini", si "umeshindaje". Kwenye harusi ya mpwa wangu nilimwondolea sahani ya pilau mbele ya mawifi zake. Yalikuwa mapenzi, wallahi, lakini yamevaa gwanda. Basi akawa anakwenda kunywa chai kwa jirani, ya sukari, akirudi ananiambia hajatia kitu mdomoni. Mke niliyekaa naye miaka 19 bila kufichana jambo alianza kunificha, na aliyemfundisha kuficha ni mimi.

Ulionigeuza ni usiku mmoja. Alikuwa anatumia glibenklamaidi, dawa ambayo inaendelea kushusha sukari hata kama mtu hajala. Jioni ile alikuwa ameonja tu chakula, kwa sababu nilikaa mbele yake namtazama mkono. Saa nane usiku naamka, shuka limelowa jasho, anatetemeka, ananitukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake. Mama yangu, Mungu amrehemu, alitoka chumba cha pili akasema amepandwa na shetani, leteni ubani. Tukafukiza. Ndiyo, ndugu zangu, tulifukiza, mtu anazama mbele yetu.

Jirani yetu mmoja, muuguzi, alisikia kelele akaja. Aliuliza neno moja tu: "Amekula?" Kisha akasema lete sukari. Nikaenda kutafuta kigoda, nipande juu ya kabati nilikoificha kwa mkono wangu. Sijui zilipita dakika ngapi. Mimi naona ulipita mwaka.

Hili tulishike vizuri. Kipimo kikisoma chini ya 4, au ukimwona mwenzio anatoka jasho jembamba, anatetemeka, anapotea maneno, anakuwa mkali bila sababu, sukari imeshuka. Kama anaweza kumeza, koroga vijiko vya chai vitatu vya sukari kwenye maji, anywe. Subiri dakika 15, mpime tena. Haijapanda, rudia. Ikipanda, ale chakula cha kawaida. Aliyepoteza fahamu usimtie chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali. Nyumbani kwangu sasa kopo la sukari liko mezani, na watoto wote wanajua la kufanya.

Chakula nacho tulikibadilisha, lakini chungu ni kimoja. Mwanzoni yeye alikuwa na kisufuria chake cha mboga pembeni, sisi tunakula wali wa nazi mbele yake. Ule ulikuwa ukatili, na hakuna aliyeuona. Siku hizi nyumba nzima tunakula dona, mchicha, dagaa, maharage. Wali haujafukuzwa. Umepungua tu kwenye sahani, na umepungua kwa wote.

Kliniki tunakwenda pamoja. Mara ya kwanza daktari aliponiuliza mimi, "Anameza dawa?", nilimjibu kwa adabu: mwenyewe huyu hapa, muulize. Tukitoka nje mke wangu alinishika mkono, barabarani, mchana.

Na miguu. Kisukari hutia ganzi nyayoni, mtu anakanyaga msumari asihisi. Kwangu mimi seremala misumari haikosi uani. Kwa hiyo kila usiku anaweka miguu mapajani mwangu, ninaimulika kwa tochi ya simu, kidole kwa kidole. Hilo aliliomba mwenyewe. Ndio wakati tunaozungumza kuliko wakati wowote wa siku.

Mtaniuliza kuhusu ndugu, nani aambiwe, nani asiambiwe. Mwenye kuamua ni mgonjwa. Mimi niliwaambia dada zangu bila kumuuliza, na kila mmoja akaja na chupa yake ya mizizi. Nilimwomba radhi.

Haya yote nilimsomea jana usiku, miguu yake iko mapajani. Akaniambia, kaseme, labda kuna mume atakayesikia. Ila kuna jambo moja alinisihi nisilitaje, nami sikulitaja.